Macho ya Ukambani: Kuwafungulia Mabinti Njia ya Kutafiti Wanyama wa Kale

Maandishi ya mhadhara kwa wazazi, walimu, wanakamati wa basari na wanafunzi wa kike wa Kitui na Makueni



Mwezi wa Agosti mwaka wa 1984, kando ya mto mkavu wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, mwanamume mmoja aliinama akaokota kipande cha mfupa kisichozidi ukubwa wa kibiriti. Rangi yake ilikaribia kufanana na kokoto zilizokizunguka, na mtu mwingine angekipita tu. Yeye alitambua kwamba ni kipande cha fuvu. Uchimbaji uliofuata ulitoa sehemu kubwa ya mifupa ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, ambaye dunia nzima humwita Kijana wa Turkana. Mwanamume aliyeinama alikuwa Kamoya Kimeu, mwana wa mfugaji wa mbuzi, mzaliwa wa Makueni.

Kamoya hakuwa peke yake. Mwaka wa 1968, kule Olduvai nchini Tanzania, Peter Nzube alipata fuvu lililobondeka ambalo wataalamu walilipa jina la utani Twiggy. Kwa miaka mingi kikosi cha watafutaji wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe, kilikuwa na Wakamba wengi. Kambi ilikuwa Turkana, lakini lugha iliyosikika jioni karibu na moto mara nyingi ilikuwa Kikamba.

Jambo la kushangaza ni kwamba mawe ya nyumbani hayakuwafundisha watu hawa kazi hiyo. Sehemu kubwa ya miamba ya Kitui na Makueni ni ya tangu kabla ya kuwepo wanyama wenye mifupa, tena ilipikwa na kukandamizwa chini ya ardhi kwa joto kali. Uwanda wa Yatta ni lava iliyotiririka na kuganda. Milima ya Chyulu ni ya volkeno. Ukambani haukuchangia mifupa katika sayansi hii. Ulichangia watu wenye subira na macho makali, waliozoea kumtafuta mbuzi mmoja aliyepotea katika eneo kubwa la vichaka.

Sasa ni haki kuuliza: macho hayo walipewa wana peke yao? Msichana wa Mutomo au Kathonzweni naye amechunga mbuzi. Ametembea kutafuta kuni na maji akiangalia chini anapokanyaga. Amesaidia kukatakata nyama, na anajua mfupa wa bega na wa paja bila kuambiwa. Kipaji anacho. Kinachomkwama ni njia ya kutoka hapo alipo mpaka kwenye meza ya utafiti.

Mlango ulivyobadilika

Kamoya aliajiriwa mwaka wa 1960 na Louis na Mary Leakey kwenda kuchimba Olduvai. Hakuwa na shahada. Alijifunza kazini, siku baada ya siku, kwa kuonyeshwa na kwa kuuliza. Mwaka wa 1985 alipokea nishani ya shirika la National Geographic mikononi mwa Rais Ronald Reagan huko Marekani. Mwaka wa 2021 Chuo Kikuu cha Case Western Reserve kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari, na mwaka uliofuata alifariki. Kwake yeye kazi ilitangulia na cheti kikafuata.

Kwa msichana wa leo mpango umegeuka. Anayetaka kuongoza utafiti, kuomba fedha kwa jina lake na kuchapisha matokeo, sharti awe na shahada ya kwanza, kisha ya uzamili, kisha ya uzamifu. Ni safari ya takriban miaka kumi baada ya sekondari. Na hiyo miaka kumi, kuanzia umri wa miaka kumi na tisa hadi karibu thelathini, ndiyo ile ile ambayo familia humtazamia aolewe, azae na asaidie kulipa karo ya wadogo zake. Kijana wa kiume naye hubanwa, lakini hakuna anayemwambia achague kati ya mtoto na tasnifu. Jambo hili ndilo kiini cha mhadhara huu. Msaada kwa mabinti ni kuhakikisha kwamba miaka hiyo kumi haimtupi nje.

Kazi yenyewe ni ipi

Wazazi wengi wanaposikia binti anataka kusoma mifupa ya wanyama waliokufa zamani, huogopa. Wengine hudhani ni mambo ya makaburi. Yafaa waelezwe.

Kazi huanza kwa kutembea. Watafutaji hujipanga mstari, wakapita polepole kwenye mmomonyoko wa udongo ambako mvua imefichua kilichofichika. Kinachoonekana huwekewa alama na mahali pake hupimwa kabla ya kuguswa. Udongo wa pembeni huchekechwa ili meno madogo ya panya na magamba ya samaki yasipotee, kwa sababu hayo ndiyo hueleza kama mahali hapo palikuwa na msitu, nyasi au ziwa. Mfupa dhaifu hufungwa kwa kitambaa kilichochovywa plasta, kama daktari anavyofunga mguu uliovunjika, kisha husafirishwa.

Baada ya hapo ni kazi ya ndani. Mwamba huondolewa kwenye mfupa punje kwa punje chini ya hadubini. Vipande huunganishwa kwa gundi. Kisha mtafiti huvilinganisha na mifupa ya wanyama wa sasa iliyohifadhiwa katika Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, Nairobi: swara kwa swara, nyani kwa nyani, fisi kwa fisi. Sehemu kubwa ya ugunduzi hufanyika hapo mezani.

Mfano mzuri ni Simbakubwa. Taya na meno ya mnyama huyu wa kuwinda yalichimbwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, miaka ya mwisho ya 1970, yakakaa katika droo ya makavazi kwa miongo kadhaa. Mwaka wa 2019 watafiti wawili, Matthew Borths na Nancy Stevens, walitangaza kwamba ni aina mpya ya mnyama aliyeishi takriban miaka milioni 22 iliyopita. Walimpa jina la Kiswahili, Simbakubwa kutokaafrika, ijapokuwa si wa ukoo wa simba. Droo hiyo ilikuwa Nairobi, mwendo wa saa chache kwa matatu kutoka Kitui mjini au Wote. Mama mwenye mtoto mchanga, ambaye mwaka huo hawezi kulala hemani Turkana, anaweza kufungua droo kama hiyo.

Waliotangulia

Wanawake wamekuwa ndani ya kazi hii tangu zamani, ila walipitia mlango mwembamba. Katika karne ya 19, Mary Anning wa Lyme Regis, Uingereza, alichimbua mifupa ya mijusi wakubwa wa baharini iliyowapa umaarufu wanaume walioinunua. Jumuiya ya Jiolojia ya London haikupokea wanawake kuwa wanachama hadi mwaka wa 1919, zaidi ya miaka sabini baada ya kifo chake. Mary Leakey, ambaye hakuwa na shahada ya chuo kikuu, ndiye aliyeliona fuvu la Zinjanthropus kule Olduvai tarehe 17 Julai 1959.

Kisa cha Meave Leakey kinafundisha zaidi. Alisomea elimu ya wanyama huko Uingereza akitaka kutafiti viumbe wa baharini. Alikosa kazi kwa sababu meli za utafiti hazikuwa na mahali pa wanawake kulala. Akaitikia tangazo la gazeti lililotafuta mtu wa kufanya kazi katika kituo cha nyani Tigoni, karibu na Limuru, akaja Kenya mwaka wa 1965. Baadaye aliongoza misafara ya Turkana, na mwaka wa 2001 yeye na wenzake walitangaza Kenyanthropus platyops. Elimu ya bahari ilimpoteza mtafiti hodari kwa kukosa chumba na kitanda. Kisa hicho kina zaidi ya nusu karne, lakini kambi isiyo na choo cha wanawake bado hufanya kazi ile ile.

Na wapo Wakenya. Dkt. Emma Mbua hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kubobea katika utafiti wa maumbile ya binadamu wa kale, na kwa miaka mingi alitunza visukuku hivyo katika Makavazi ya Kitaifa. Mwaka wa 2016 yeye na wenzake walieleza meno na mfupa wa mkono wa Australopithecus afarensis kutoka Kantis, karibu na Ongata Rongai. Hapo ni Kajiado, kaunti inayopakana na Makueni. Katika makavazi hayo hayo, Dkt. Rahab Kinyanjui husoma chembe za mimea ya kale, na Dkt. Purity Kiura amefanya kazi ya akiolojia. Msichana akiuliza kama kuna mwanamke wa Kenya aliyewahi kufanya hivi, mwalimu ana majina ya kumpa.

Mahali panapovuja

Mtungi unaovuja haujazwi kwa kuongeza maji tu. Kuna sehemu tatu ambapo mabinti hupotea.

Ya kwanza ni safari ya kwanza ya uwandani. Mwanafunzi wa chuo anayesomea jiolojia, akiolojia au bayolojia huitwa kwenda kufunzwa kuchimba kwa wiki kadhaa. Basari hulipa karo. Hailipi nauli, viatu imara, kofia, dawa ya malaria, sodo za mwezi mzima wala mfuko wa kulalia. Aliye na ndugu mwenye kazi mjini huchangiwa. Asiye naye husema ana mafua, akabaki. Mwaka unaofuata mwalimu humwita yule aliyekwenda, kwa kuwa sasa ana uzoefu. Hivyo shilingi elfu chache huamua nani atakuwa mtafiti.

Ya pili ni mwaka baada ya shahada ya kwanza. Hapo mkopo wa HELB huanza kudaiwa, kazi haijapatikana, na shahada ya uzamili inahitaji fedha na barua za kumpendekeza. Binti hurudi nyumbani "kwa muda". Muda huo huwa miaka. Hajafeli mtihani wowote, ila hakuna aliyemwandikia barua.

Ya tatu ni mtoto wa kwanza. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 humpa mwajiriwa miezi 3 ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Lakini mwanafunzi wa uzamifu anayeishi kwa ufadhili mara nyingi si mwajiriwa, na kalenda ya mfadhili haijui kujifungua. Akikosa msimu mmoja wa kuchimba hungoja mwaka mzima, kwa sababu misafara hufuata ukame. Akikosa miwili, data yake huchapishwa na mwingine.

Kuna na jambo linalosemwa kwa sauti ya chini: usalama. Kambi iko mbali, simu haishiki, na mkubwa wa kambi ndiye mwenye gari, maji na barua ya mapendekezo. Mzazi anayesita kumruhusu binti yake si mshamba. Anauliza swali la haki, na anayepeleka wanafunzi uwandani anapaswa kulijibu kwa maandishi.

Kila mtu na sehemu yake

Wazazi wanaweza kuanza kwa kuuliza maswali badala ya kukataza. Nani anaongoza safari? Kuna mwanamke mwenye mamlaka kambini? Wanawake wanalala wapi? Shida ikitokea, binti atampigia nani, na kwa simu gani? Mwenye majibu mazuri hatachukizwa na maswali haya.

Walimu wa sekondari wanashika ufunguo wa mapema. Sayansi hii inahitaji Bayolojia, Kemia, Jiografia na Hisabati. Msichana anayeziacha mapema kwa kuambiwa ni ngumu huwa amefunga mlango kabla hajajua upo.

Kamati za basari zikumbuke kwamba karo si gharama yote. Pale ambapo kanuni za hazina zinaruhusu, barua ya chuo inayoonyesha mafunzo ya lazima ya uwandani itazamwe kama ankara ya karo inavyotazamwa. Pale zisiporuhusu, vyama vya akina mama vinajua la kufanya. Wanawake wa Ukambani kwa mwethya wamechimba matuta na kujenga mabwawa ya mchanga mtoni, na kwa michango ya kila wiki wamewanunuliana mabati na mitungi. Jozi ya viatu na nauli ya kwenda Lodwar si mzigo mkubwa kuliko bwawa.

Vyuo, vikiwemo vilivyo karibu kama Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kule Kwa Vonza, vina nafasi ya kuwaunganisha wanafunzi na makavazi. Msimamizi wa tasnifu anayemjali mwanafunzi wake hufanya mambo matatu: humwandikia barua kwa wakati, hukubaliana naye mapema nani ataandikwa mwandishi wa kwanza, na akipata mtoto humpa sehemu ya kazi ya makavazi mpaka aweze kurudi uwandani. Na kwa waajiri, sheria hiyo ya mwaka wa 2007 humtaka kila aliye na wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya kuzuia unyanyasaji wa kingono. Sera hiyo isafiri na gari mpaka kambini.

Fedha za masomo ya juu zipo, ijapokuwa hushindaniwa. Wakfu wa Leakey una ufadhili uitwao Baldwin kwa wasomi wa nchi zinazoendelea wanaosomea asili ya binadamu. Shirika la OWSD, linalohudumia wanasayansi wanawake wa nchi zinazoendelea, lina tawi Kenya. Hazina ya Taifa ya Utafiti hutangaza nafasi zake hadharani. Anayeshinda mara nyingi ni yule aliyeelezwa mapema kwamba zipo, akasaidiwa kuandika ombi lake mara ya pili baada ya la kwanza kukataliwa.

Ukweli nao usemwe: kazi za kudumu za kutafiti visukuku ni chache. Lakini elimu hii haimwachi mtu mikono mitupu. Anayesoma mifupa amesoma jiolojia, ramani, takwimu na maabara. Mabwawa, barabara na reli huhitaji tathmini ya athari kwa mazingira na urithi. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lina maabara ya uchunguzi, iliyozinduliwa mwaka wa 2015, ambako kipande cha nyama au mfupa huweza kuwa ushahidi mahakamani dhidi ya jangili. Mzazi anayeuliza "utakula nini?" ana jibu.

Kwa mwanafunzi mwenyewe

Hakuna haja ya kungoja Turkana. Mbuzi akichinjwa nyumbani, mifupa inaweza kuchemshwa, kusuguliwa, kukaushwa kivulini na kuandikwa majina. Baadaye iongezwe ya kuku, ya sungura, ya ng'ombe. Anayeweza kutofautisha jino la mbuzi na la kondoo akiwa shuleni amejifunza jambo linalowasumbua hata wataalamu. Daftari liwepo, na kila mfupa uandikwe ulikotoka, maana kisukuku kisicho na mahali pake hupoteza sehemu kubwa ya thamani. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika kazi hii methali hiyo ni maelekezo ya kazini.

Na kama mtu yeyote, awe mvunaji mchanga, mchimba kisima au mchungaji, atakuta mfupa uliogeuka jiwe au kifaa cha kale katika udongo wa mto au pango, asikichukue kuwa pambo wala kukiuza. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya mwaka wa 2006 inamtaka aliyegundua atoe taarifa kwa makavazi ndani ya siku 7. Apige picha, aweke alama, amwone chifu. Huenda binti aliyeona kwanza akaitwa kuonyesha mahali, na kuonyesha mahali ndiko Kamoya alikoanzia umaarufu wake.

Kamoya alipookota kile kipande cha fuvu, alikuwa amekwisha kutembea jangwani kwa zaidi ya miaka ishirini. Kuna mtu aliyemwajiri, aliyemlisha, aliyemngoja ajifunze, na aliyeandika jina lake alipogundua. Mabinti wa Kitui na Makueni hawaombi zaidi ya hayo. Wanaomba kuajiriwa, kulishwa, kungojwa, na majina yao kuandikwa.